Ridhaa ya Mgonjwa katika Historia na Riwaya: Mfano wa Nchi ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mji wa Sagana umo Kirinyaga, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Karatina na Nyeri. Jina lake ni la mto ambao, ukishateremka uwandani, huitwa Tana. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha hapo kituo cha ufugaji na utafiti wa samaki. Miaka michache baadaye, katika uwanda wa Mwea ulio jirani na mji huo, serikali hiyohiyo ilijenga kambi za kizuizini ambamo watu waliodhaniwa kuwa na maradhi ya Mau Mau walitakiwa kuponywa, wapende wasipende. Samaki hawaulizwi kama wanakubali kuchunguzwa. Binadamu anapaswa kuulizwa. Na historia ya sehemu hizi ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya watu ambao hawakuulizwa.

Suala la kuulizwa na kukubali ndilo kiini cha aina moja ya riwaya ya taharuki iliyoenea ulimwenguni tangu miaka ya 1970: riwaya inayohusu madaktari, dawa mpya, wagonjwa maskini na siri inayolindwa kwa mauaji. Mfano wake unaojulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki ni The Constant Gardener ya John le Carré, iliyotolewa mwaka 2001 na kutengenezewa filamu mwaka 2005. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama habari ya ubepari wa kimataifa, na hawakukosea. Lakini wachache wameiweka mbele ya historia ya Kenya yenyewe, na wachache zaidi wameliangalia tatizo lake kama tatizo la lugha.

Makala haya yanakusudia kufanya mambo hayo mawili. Hoja yake ni kwamba haki ya mtu binafsi mbele ya mtafiti ilivunjwa kwanza katika maneno, kabla ya kuvunjwa katika mwili. Na kwamba fasihi inaweza kuirudisha haki hiyo pale tu inapomrudishia mgonjwa jina lake na kauli yake.

Idhini na ridhaa

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana ambayo mara nyingi huchanganywa katika karatasi za hospitali: idhini na ridhaa. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini hayana maana moja. Idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka: mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka, na serikali humpa mfanyabiashara idhini ya kuuza. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Aliyeridhia ameridhika, hakushurutishwa, wala hakukubaliwa na mwingine kwa niaba yake. Ridhaa haiwezi kutolewa na chifu kwa ajili ya kata yake.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Utawala wa kikoloni ulitafuta idhini kila mahali na ridhaa karibu popote. Daktari aliyetaka kuwapima watu alipata kibali kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa wilaya akamwamuru chifu, na chifu akawatuma askari wake. Watu walipofika na kupanga foleni, ilisemekana kwamba wamekubali.

Utata mwingine umo katika kitenzi kupima. Daktari hupima damu ili ajue ugonjwa wa mtu aliye mbele yake. Mtafiti naye hupima damu ili ajue jambo ambalo pengine halitamsaidia mtu huyo kamwe. Sindano ni ileile, chupa ni ileile, na neno ni lilelile. Hali hiyo imo pia katika Kikuyu, ambamo kitenzi gũthima hutumika kwa shamba, kwa nafaka na kwa mwili. Mgonjwa aliyeambiwa atapimwa ana haki ya kuamini kwamba anatibiwa. Neno jaribio nalo lina uzito wake, kwa kuwa linasikika karibu na majaribu, yaani mitihani inayompata mtu asiyekuwa na la kufanya. Si ajabu basi kwamba wahudumu wengi huliepuka na kulitumia neno laini la kupima. Lakini ulaini huo ndio unaoficha kile ambacho mgonjwa angependa kujua kabla ya kukubali.

Simulizi za mumiani

Kabla ya riwaya ya kitabibu kuandikwa, watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa tayari na simulizi yao ya kutisha kuhusu miili na dawa. Simulizi hiyo ni ya mumiani. Asili yake ni jina la kitu cheusi kama utomvu kilicholetwa kutoka Uajemi na Uarabuni kwa ajili ya tiba. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaeleza dawa hiyo pamoja na imani iliyoenea kwamba ilitengenezwa kwa damu ya binadamu. Katika miji ya bara, kuanzia Nairobi hadi Kampala, simulizi hiyo iliungana na ya wazimamoto: watu waliovaa sare, wenye magari mekundu, waliosemekana kuwakamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu kwa amri ya Wazungu.

Maofisa wa kikoloni waliziona habari hizo kuwa ushirikina. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba zinastahili kusomwa kama ushahidi, si wa tukio lililotokea, bali wa namna watu walivyoifikiria kazi, hospitali na dola. Mambo yanayorudiwarudiwa katika simulizi hizo ni yaleyale yanayorudiwa katika riwaya za kisasa za kitabibu: mahali pa siri, wafanyakazi wa kawaida wanaolipwa ili wanyamaze, na faida inayopelekwa mbali. Msimulizi wa mumiani hakuwa na ushahidi wa mahakamani. Alichokuwa nacho ni ufahamu kwamba damu yake ilitakiwa na watu ambao hawakumweleza sababu.

Historia iliyoandikwa ya tiba ya kikoloni inaonyesha kwamba hofu hiyo haikuzuka hewani. Mnamo 1906 na 1907 Robert Koch wa Ujerumani aliendesha utafiti wa malale katika visiwa vya Sese, Uganda. Aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili yenye sumu ya aseniki, akaongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka kabisa. Waliopofuka hawakuandika riwaya. Waliacha habari iliyosimuliwa.

Bongo za wafu na akili za walio hai

Nairobi ya miaka ya 1930 ilikuwa na maabara ya serikali na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Kutoka taasisi hizo mbili yalitoka maandishi yaliyodai kuthibitisha kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni. H. L. Gordon wa Mathari alitetea nadharia ya kuboresha vizazi vya binadamu kwa kuchagua nani azae. F. W. Vint, aliyekuwa mtaalamu wa maabara, alipima bongo zilizotolewa katika maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akatangaza kwamba uzito wake na unene wa gamba lake ulikuwa chini ya ule wa Wazungu. Hesabu hizo zilipingwa mapema na watu waliouliza kuhusu lishe, maradhi na namna ya kulinganisha. Lakini swali moja halikupewa nafasi katika ubishi huo: je, jamaa za marehemu waliombwa? Katika maandishi yenyewe marehemu ni namba na gramu. Hakuna jina hata moja.

Aliyefuata njia hiyo ni J. C. Carothers, daktari aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 alilinganisha utendaji wa akili ya Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika uzima na maradhi, na hivyo kauli ya daktari mmoja wa Nairobi ikapewa muhuri wa dunia nzima. Frantz Fanon, naye daktari wa maradhi ya akili, aliishambulia kauli hiyo mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Fanon alionyesha kwamba kile kilichoitwa sayansi kilikuwa kimetungwa ili kuutetea utawala.

Ushahidi wa nchi ya Mlima Kenya unamuunga mkono Fanon. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ilimwita Carothers kutoka Uingereza ili aeleze saikolojia ya Mau Mau. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huohuo. Ndani yake madai ya ardhi na uhuru yalififia. Mahali pake pakawekwa wasiwasi wa watu waliopoteza mila za kale bila kuzishika za kisasa. Aliona kwamba kuwakusanya watu katika vijiji ni sehemu ya tiba. Kuanzia mwaka huo zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wa Nyeri, Murang'a, Kiambu na pande za Embu, walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Hapo ndipo lugha ya tiba ilipofanya kazi yake kamili. Mtu mwenye dai hujibiwa; mgonjwa hutibiwa. Ukimwita mpinzani wako mgonjwa, umejiondolea wajibu wa kumsikiliza.

Kambi za Mwea

Mwaka 1957 katika kambi za Mwea ulitumiwa utaratibu wa kuwagawa wafungwa wakaidi katika vikundi vidogo na kuwatia miongoni mwa waliokwisha kukiri, huku wakipigwa hadi wakubali kukiri kiapo. Kukiri kulielezwa kwa maneno ya zahanati: mfungwa ametapika sumu, amesafika, amepona. Waraka wa Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, wa Juni mwaka huo, ulieleza masharti ya nguvu iliyoruhusiwa. Ulitaja viungo visivyopaswa kupigwa, yaani wengu, ini na figo, na kusisitiza kwamba mpigaji awe mtulivu asiye na hasira.

Waraka huo unastahili kusomwa na kila anayefundisha maadili ya utafiti. Elimu ya mwili imo ndani yake, na haikutumiwa kumlinda mwenye mwili. Ilitumiwa kuilinda serikali dhidi ya kifo kitakachoonekana. Tahadhari hiyo haikufaulu: tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliuawa kwa vipigo. Yaliyofichwa katika majalada yalifunuliwa zaidi pale kesi ya wazee walioteswa ilipofikishwa mahakamani London; na mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Ikumbukwe kwamba Kanuni za Nuremberg, zilizotangazwa mwaka 1947 baada ya kesi ya madaktari wa Hitler, zilikuwa zimeiweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza la jaribio lolote juu ya binadamu. Yaliyofanywa Mwea hayakuitwa jaribio. Lakini utaratibu mpya ulibuniwa pale, ukajaribiwa kwa watu wasioweza kukataa, matokeo yake yakahesabiwa, na taarifa zikapelekwa juu. Aliyekosa neno la kuyaita hayo hakukosa mwili wa kuyapokea.

Riwaya ya taharuki na mipaka yake

Riwaya ya kitabibu ilistawi katika Marekani wakati imani kwa madaktari ilipotikisika. Mwaka 1972 magazeti yalifichua utafiti wa Tuskegee, ambamo tangu 1932 mamia ya Wamarekani Weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili maradhi yao yafuatiliwe hadi kaburini. Mwaka 1977 Robin Cook alitoa Coma, habari ya hospitali inayowatia wagonjwa katika usingizi wa kifo ili viungo vyao viuzwe. Fani ilikwisha kupatikana: mtaalamu kijana agundua siri, wakubwa wamzuia, mgonjwa alala kimya kitandani.

Le Carré aliihamishia fani hiyo Nairobi. Tessa Quayle, mwanasheria na mke wa mwanadiplomasia wa Kiingereza, anauawa karibu na Ziwa Turkana. Mumewe Justin, mtu mpole wa bustani, anafuata nyayo zake na kugundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu iitwayo Dypraxa inajaribiwa kwa wagonjwa maskini, na kwamba vifo vyao vinafutwa katika daftari. Wasomaji wengi waliihusisha habari hiyo na tukio la kweli la Kano, Nigeria. Huko, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa ya Trovan kwa watoto. Watoto wapatao 200 walihusishwa, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganishia, na 11 wakafariki. Ubishi mkubwa ulihusu kama wazazi walielewa kwamba lile lilikuwa jaribio. Kampuni ilikana kosa. Mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo la Kano kutoa dola milioni 75.

Nguvu ya riwaya ya le Carré ni kuonyesha kwamba uovu wa utafiti hauhitaji mtu katili. Unahitaji ofisi nyingi, kila moja ikitimiza sehemu yake ndogo: kampuni, wizara, ubalozi, hospitali. Udhaifu wake umo katika mgawanyo wa kauli. Wanza, mwanamke anayekufa wodini jirani na kitanda cha Tessa, ndiye mtu ambaye haki yake imevunjwa. Lakini msomaji humwona kupitia macho ya wengine. Kifo chake ni dalili inayowaongoza mashujaa kwenye siri. Hapo riwaya inayotetea haki ya mgonjwa inakaribia kumfanya mgonjwa kile alichofanywa na watafiti: chanzo cha habari.

Kauli kutoka mlimani

Waandishi wa nchi ya Mlima Kenya na jirani zake walilishika suala hili kwa namna nyingine. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa Tumutumu mwaka 1921 na kuendesha uchapaji wake Karatina, alikamatwa Oktoba 1952 na kupitishwa katika kambi kadhaa. Shajara yake ya kizuizini, iliyochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983 na kupata tuzo ya Noma mwaka 1984, si riwaya. Hata hivyo inafanya kile ambacho taarifa ya Carothers haikufanya: inawataja watu kwa majina, na kueleza walisema nini, walikataa nini, na walidhoofika lini. Jibu zuri kwa kitabu kinachozungumzia akili ya Mwafrika ni daftari la Mwafrika mmoja anayefikiri.

Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, alitoa Carcase for Hounds mwaka 1974. Ndani yake Jenerali Haraka anaoza kwa jeraha msituni bila daktari. Mwili wake ni wake mwenyewe hadi mwisho, lakini hauna msaada. Katika The Last Plague, ya mwaka 2000, Ukimwi unaumaliza mji mdogo wa Crossroads. Broker, mume aliyemtoroka mkewe Janet na kurudi akiwa mgonjwa, ni mtu kamili mwenye mizaha, uongo na majuto. Hakuna anayeweza kumsoma na kumkumbuka kama namba ya mgonjwa.

Naye Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani, aliwaweka wezi jukwaani washindane kwa werevu wa kuiba. Mmoja apendekeza kuwakamua wafanyakazi damu, jasho na bongo na kuvisafirisha ng'ambo kwa mabomba. Mwingine ataka kiwanda cha viungo vya binadamu ili matajiri wasife. Hii ni simulizi ya mumiani iliyorudishwa kwa makusudi, lakini sasa mnyonyaji si mgeni peke yake. Ngũgĩ alitambua kwamba lugha ya wenyeji ilikuwa na fani tayari ya kuzungumzia mwili ulioibwa, na hakuhitaji kuiazima kwingine.

Sheria, lugha na wajibu wa wasomi

Tangu siku za Mwea sheria imebadilika. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliwafunga madaktari wa dunia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi ilikataza utafiti bila ridhaa ya mhusika aliyeelezwa madhumuni na hatari zake na haki yake ya kujitoa. Katiba ya mwaka 2010 ililinda utu na faragha. Kwa msingi huo, Desemba 2016, Mahakama Kuu ilibatilisha agizo la mwaka 2015 la kukusanya orodha za watu wenye virusi vya Ukimwi, wakiwamo watoto wa shule. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaenda mbali zaidi: mtoa huduma anapaswa, inapowezekana, kumweleza mgonjwa katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma.

Kifungu hicho kinawahusu wasomi wa lugha moja kwa moja. Kinasema, kwa hakika, kwamba ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Mwanamke wa Kirinyaga anayewekewa mbele karatasi ya kurasa nyingi, iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, atatia sahihi kwa sababu ameombwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Huko ni kutoa idhini ya zamani kwa jina jipya. Mfasiri aliyeandika kupima mahali pa kufanyia majaribio ameshiriki katika tendo hilo, hata kama hakushika sindano.

Aidha, wakati riwaya pendwa ya Kiswahili imewapa wasomaji wapelelezi, majambazi na majasusi kwa wingi, mgonjwa anayeulizwa kama atashiriki katika utafiti, na ambaye uamuzi wake unaiendesha hadithi, bado hajapewa nafasi hiyo ya shujaa. Mada ipo, historia ipo, na maneno yapo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kutoka maabara ya Nairobi hadi kambi za Mwea, mtu binafsi alipotezwa katika jina la jumla: ubongo wa mwenyeji, akili ya Mwafrika, ugonjwa wa Mau Mau. Simulizi za mumiani ziliihifadhi hofu yake, riwaya ya kigeni ikaitangaza dhuluma yake, na waandishi wa mlimani wakamrudishia jina. Kilichobaki ni kumrudishia neno la kukataa, na kuhakikisha kwamba analielewa neno analokubali. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa madaktari na wanasheria peke yao, kwa sababu nusu yake ni kazi ya kamusi.